Mkosaji wa mara ya kwanza

Al Wukair iko kusini mwa Doha, nchini Qatar, katika manispaa ya Al Wakrah, na mitaa yake mingi ni makazi ya wageni walioletwa na kazi pamoja na familia zao. Mwafrika Mashariki anayeishi huko akimpiga mkewe na habari ikafika polisi, ndugu wa nyumbani hujipa moyo: ni mara yake ya kwanza, watamsamehe. Mahakamani maneno hayo yana maana, ila si hiyo wanayoidhani.

"Mkosaji wa mara ya kwanza" ni istilahi ya hatua ya adhabu. Mtaani kila kitu huitwa "kesi", lakini sheria hutenganisha. Tuhuma ni madai yaliyofika polisi. Shtaka ni tuhuma iliyoandikwa, ikatajiwa kifungu na kusomwa mbele ya hakimu. Hatia huja pale mshtakiwa anapokiri au ushahidi unapothibitisha kosa lake. Kwa hiyo mwenye shtaka la kwanza bado si mkosaji. Akishatiwa hatiani ndipo wakili wake anaposimama kuomba afueni kwa kuwa mteja hana rekodi.

Nchini Kenya ombi hilo lina uzito. Kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo kisichozidi miaka 5 kwa shambulio lililosababisha madhara ya mwili, ilhali kifungu cha 35 kinampa hakimu nafasi ya kumwachilia mkosaji kwa sharti kwamba asikosee tena ndani ya muda usiozidi miezi 12. Mengi huamuliwa na fomu ya P3, ambamo daktari huandika aina ya jeraha na kiwango chake. Michubuko ni jambo moja. Taya lililovunjika likihesabiwa kuwa madhara makubwa, shtaka huhamia kifungu cha 234, chenye kikomo cha kifungo cha maisha, na hapo usafi wa rekodi haumfikishi mtu mbali.

Tena mke halazimiki kungoja hukumu. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inamruhusu kuomba amri ya ulinzi, na mahakama yaweza kumwondoa mume nyumbani kabla hatia yoyote haijathibitishwa. Akiikiuka amri hiyo, anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili.

Qatar haina sheria mahususi ya namna hiyo. Sheria ya Familia namba 22 ya mwaka 2006 inamkataza mume kumdhuru mkewe, lakini adhabu ya kipigo hutafutwa katika vifungu vya kawaida vya shambulio, kwenye Kanuni ya Adhabu namba 11 ya mwaka 2004. Hapo Mswahili anaweza kuponzwa na sikio lake. Kwetu "jinai" ni kosa lolote linaloshtakiwa na dola. Doha, "jinaya" ni daraja la juu tu, lile la kifungo kinachozidi miaka 3, cha maisha au hukumu ya kifo. Chini yake kuna "junha". Anayesikia kwamba kosa lake si jinaya asifurahi mapema, kwa sababu junha nayo ina jela.

Kwa mgeni kuna pigo jingine: mahakama inayomfunga inaweza pia kuamuru afukuzwe nchini baada ya kutumikia kifungo. Na kibali cha ukaazi cha mke na watoto mara nyingi kimefungwa kwenye cha mume. Mwanamke wa Al Wukair anaposhika simu kuripoti, anajua kwamba shule ya watoto na nyumba wanayoishi vinaweza kwenda na huyo mume. Huo ni mzigo mzito mno kumtwika aliyepigwa, na ndugu wanaomhimiza "avumilie, ni mara moja tu" humwongezea. Kabla hajaamua kufungua mashtaka anaweza kupiga 919, namba ya kituo cha Aman, kinachowasaidia wanawake na watoto waliodhulumiwa; hatari ikiwa iko mlangoni, polisi ni 999.