Reli Iliyokwenda Nachingwea

Mtoto wa Kilwa Kivinje au wa Lindi mjini aweza kukua, akaoa, akazeeka, pasipo kuusikia mlio wa garimoshi ila katika hadithi za ndugu waliokwenda Tanga, Tabora au Kigoma. Kusini mwa mto Rufiji safari ilikuwa ya jahazi, ya meli, ya miguu, na baadaye ya lori na basi. Na hata basi lenyewe lilisubiri kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mgeni akiitazama ramani ya reli za Tanzania huona kona hiyo ya nchi ikiwa nyeupe tupu, akadhani ndivyo ilivyokuwa tangu asili. Sivyo. Kusini ilikuwa na garimoshi lake, likafanya kazi miaka isiyotimia 15, kisha likang'olewa hadi mataruma. Na watu wa kuwaelezea wenyeji thamani ya kitu hicho kilichong'olewa, ajabu ni kuwa huenda wakapatikana mbali sana na hapa, katika visiwa vya Japani.

Wajapani waliijua treni ya mfano kabla ya kuijua treni. Mwaka 1854 Komodoro Perry wa Marekani alipotia nanga mara ya pili kuilazimisha nchi hiyo ifungue bandari zake, miongoni mwa zawadi alizoshusha ufukweni Yokohama ilikuwamo injini ya mvuke yenye kimo cha robo ya injini ya kweli, pamoja na behewa lake na reli zake za kutandikwa kwa mduara. Behewa lilikuwa dogo hata mtu mzima hakuweza kuingia ndani. Ofisa mmoja wa Kijapani akapanda juu ya paa, akazungushwa huku joho lake likipepea. Mwaka uliofuata mafundi wa jimbo la Saga, akiwamo Tanaka Hisashige, walikwisha kuunda injini yao ndogo iliyotembea kwa mvuke. Reli ya kweli, ile ya Shimbashi hadi Yokohama, haikufunguliwa mpaka Oktoba 1872. Miaka 18, basi, taifa zima lilikaa na mwanasesere kabla ya kukaa na mtu.

Huenda ndiyo sababu mapenzi ya Wajapani kwa treni hayakutenganisha kamwe mchezo na safari. Mwaka 1959 watoto wao walianza kuuziwa treni za plastiki za kukimbia juu ya reli za buluu. Mwaka 1965 kampuni ya Kato ikatoa injini ya mfano ya kupita juu ya reli yenye upana wa milimita 9, na uraibu ukaingia katika nyumba finyu za mijini, maana mji mzima na stesheni yake uliweza sasa kukaa juu ya meza ya chakula. Waraibu hao wana makabila yao. Wapo wanaoitwa nori-tetsu, ambao furaha yao ni kupanda tu. Wapo tori-tetsu, wapiga picha, ambao huamka alfajiri wakalisubiri behewa moja lipite darajani. Mwandishi Miyawaki Shunzō aliyapanda mashirika ya reli ya taifa mstari kwa mstari hadi alipoumaliza wa mwisho mwaka 1977, akaandika kitabu kilichosomwa na watu ambao hawakuwa na nia ya kusafiri popote. Huyo huyo, kuanzia mwaka 1995, alisimamia mfululizo wa vitabu vya kuwaongoza wasomaji kutembea kwa miguu juu ya reli zilizokufa: hapa palikuwa na jukwaa, pale nguzo ya daraja imesalia mtoni, kichaka hiki kimeficha mdomo wa handaki. Uraibu wa kuifuata treni isiyokuwapo, kwa wengi wa huku, ungehesabiwa wazimu. Lakini ni huo hasa ambao pwani ya kusini ungeifaa.

Isidhaniwe kuwa Waswahili hawakupata kucheza na garimoshi. Sayyid Barghash, ambaye mikono yake haikuwa mizito katika kujenga, alitandikiwa reli nyembamba kutoka mjini Unguja kwenda kasri lake la Chukwani karibu na mwaka 1880. Mwanzo mabehewa yakavutwa na nyumbu, kisha injini ikaletwa. Ilikuwa treni ya mtu mmoja na wageni wake, na ukitaka kusema kweli haikuwa mbali sana na ile ya Perry. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikafuata ya Bububu, iliyobeba watu wa kawaida, nayo ikaondoka kabla ya miaka ya 1930. Visiwa navyo vina reli zao za kufukuliwa.

Kilwa nayo iliahidiwa. Kivinje ulikuwa mlango wa njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa, njia iliyoteremsha pembe na, kwa aibu isiyofutika, watumwa. Kwa hiyo wakoloni wa Kijerumani walipopiga hesabu za reli ya kusini waliielekeza penseli kutoka Kilwa hadi ziwani. Hesabu zilikuwa bado mezani Julai 1905 vita vya Maji Maji vilipolipuka katika vilima vya Matumbi, nyuma tu ya Kilwa. Waliotakiwa kuwa wateja na vibarua wa reli hiyo wakauawa kwa risasi na, wengi zaidi, kwa njaa iliyopandwa makusudi. Reli zikatandikwa kwingine: Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 1907, na kufika Kigoma mwaka 1914. Kusini ikabaki na vichwa na mabega ya watu. Mifupa ya wale mijusi wakubwa wa kale waliochimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913 chini ya usimamizi wa msimamizi mashuhuri Boheti bin Amrani ilifika bandari ya Lindi ikiwa imebebwa na wapagazi, tani baada ya tani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mifupa hiyo ilikuja kupanda magari mengi ya kisasa baada ya hapo. Mjusi mrefu kupita wote, anayesimama Berlin, alipelekwa hata Tokyo kutazamwa mwaka 1984. Kipande cha safari kisichokuwa na gurudumu ni kile cha nyumbani.

Vita Vikuu vya Kwanza vilileta reli ya kwanza, nayo ilikuwa ya kijeshi: vyuma vyembamba vya upana wa sentimita 60, vilivyotandikwa kutoka hori ya Lindi kuelekea Ndanda na Masasi kulisha majeshi ya Waingereza katika mapigano makali ya bara ya Lindi. Ilitumika kidogo baada ya vita, kisha ikang'olewa.

Reli kubwa ilikuja kwa sababu ya karanga. Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na mwaka 1946 serikali yake ikapitisha mradi wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa yake Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Fedha zilizotajwa mwanzo zilikuwa pauni milioni 25. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta ya kung'olea visiki. Nachingwea, iliyokuwa pori, ilipewa matumaini makubwa kuliko kwote, na pori halina bandari. Ikabidi zijengwe kwanza bandari na reli ndipo karanga zipandwe. Reli ya upana wa mita moja ilianzia Mkwaya, ndani ya hori ya Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya kina kirefu ikachimbwa Mtwara, ikafunguliwa mwaka 1954, na reli ikaunganishwa nayo; baadaye tawi likafika Masasi.

Tazama tarehe hizo. Mradi wa karanga ulivunjwa Januari 1951, pauni milioni 36 zikiwa zimefutwa kama hasara. Maana yake ni kwamba treni ilifika Mtwara miaka mitatu baada ya kufa kwa mzigo iliyoundwa kuubeba. Kosa halikuwa la reli wala la udongo peke yake. Mipango ilichorwa na watu waliolipima pori kutoka angani, na wakulima wa kusini waliojua mvua zao hawakuulizwa. Hata hivyo kwa miaka michache injini zilipanda na kushuka kati ya bahari na Nachingwea, zikibeba korosho, ufuta, mihogo na abiria, kwa hasara kila mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa bado mbichi, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliifunga, na vyuma vikang'olewa vikatumike kwingine. Serikali changa isiyo na fedha ingeweza vipi kulipia treni tupu? Uamuzi huo ulieleweka. Lakini mkulima wa korosho wa Nachingwea, ambaye mazao yake yaliongezeka kila mwaka baada ya hapo, alirudi kwenye barabara ya vumbi, na hapa hesabu ya wakubwa haikuwa ndefu vya kutosha. Reli ya TAZARA, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1970, ilipita mbali na Lindi. Upana wake, milimita 1,067, ni ule ule wa reli ya zamani ya Japani. Kwa miaka mingi sasa reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay imekuwa ikitajwa katika mipango.

Nachingwea yenyewe ilipata jina jingine: ikawa kambi kubwa ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO hadi Msumbiji ilipojikomboa. Historia hiyo imeandikwa, na ilistahili. Ya treni imeachiwa wazee, na kijana aliyekuwa na miaka 20 siku garimoshi la kwanza lilipofika mwaka 1949 sasa angekuwa anakaribia miaka 100.

Hapo ndipo Mjapani mwenye gundi na koleo angekuwa na manufaa. Mtu anayetaka kuunda treni ya mfano hauliza hasara ilikuwa pauni ngapi. Huuliza behewa la daraja la tatu lilipakwa rangi gani. Madirisha yalifungwa kwa mbao au kwa kioo. Tangi la maji lilisimama upande gani wa stesheni. Treni iliondoka Mtwara saa ngapi, na mama muuza ndizi alikaa wapi kuisubiri. Hayo hayamo katika taarifa za bunge la Uingereza. Yamo katika vichwa vya makuli, wafungua njia na watoto waliokimbia kandokando ya tuta, kama wapo waliobaki.

Vipimo vyenyewe havina shida. Kwa kipimo cha Kijapani cha moja kwa 150, reli ya mita moja inakaribia milimita 6.7, na ipo tayari madukani reli ya milimita 6.5. Masafa ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea, kilomita 200 na ushei, yangekuwa kilomita moja na theluthi hivi, na yangeweza kutandazwa yote katika mchanga wa ufuko wa Lindi maji yakitoka, mtu akayatembea kwa dakika 20 akiwa hana haraka, na kurudi kabla maji hayajajaa.