Mkono Uliopona Usioweza Kukanda Unga

Mwaka jana mama yangu alivunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga, plasta ikaondolewa, daktari akaandika kuwa amepona. Lakini mama hakuweza kukanda unga wala kukamua nguo. Aliyemrudishia mkono ni mtaalamu wa tiba kazi, ambaye kabla ya kuugusa alimuuliza: "Mama, nyumbani mkono huu hufanya nini?"

Swali hilo lina historia. Machi 1917, watu sita walikutana Clifton Springs, jimboni New York, wakaunda chama cha kuendeleza tiba kazi nchini Marekani. Mwenyeji wao, George Edward Barton, hakuwa tabibu bali msanifu majengo. Kifua kikuu kilikuwa kimemwandama kwa miaka, sehemu ya mguu wake ilikatwa, kisha upande wa kushoto ukapooza. Alijirudishia nguvu kwa useremala na kazi za bustani. Mgonjwa, basi, ndiye aliyekuwa mwalimu.

Uingereza ilifika hapo kwa njia nyingine, ya vita. Robert Jones, bingwa wa mifupa, aliweka karakana ndani ya hospitali ya Shepherd's Bush, London, akisaidiwa na Manuel II, mfalme wa Ureno aliyepinduliwa mwaka 1910. Askari mwenye kifundo cha mguu kilichokakamaa aliwekwa kwenye mashine ya kukanyaga. Akili ikishughulika na ubao, kiungo kilijinyoosha chenyewe. Ilikuwa busara kubwa ya kitabibu. Hata hivyo tusisahau kwamba jeshi ndilo lililotaka kiungo hicho, na lilikitaka kirudi vitani.

Vita hivyohivyo vilipiganwa kwetu, mizigo yake ikabebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi ambao jina la Kariakoo limetokana nao. Makumi ya maelfu walikufa. Waliorudi na magoti na migongo iliyoharibika hawakujengewa karakana. Walirudi kwenye jembe. Hilo nalo ni jibu la swali la nani anastahili kupona kikamilifu.

Nalitaja kwa sababu mama hakuelekezwa kwa mtaalamu yule na hospitali. Alielekezwa na jirani. Katika karatasi alizopewa siku ya kuondolewa plasta hapakuwa na neno hata moja kuhusu tiba kazi.