Kupangua gia

Dereva wa basi kuukuu la dizeli habadilishi gia, anaipangua. Kabla ya mteremko anakanyaga klachi, anarudisha huru, anaachia, anagusa mafuta, anakanyaga tena, ndipo anaingiza namba mbili bila meno kusagika. Aliyekaa siti ya mbele husikia ufundi huo kwenye mngurumo.

Kwenye otomatiki kitenzi “kupangua” hakina kazi. Mtu anaweka D, basi. Mabasi ya Routemaster ya London, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 1956, hayakuwa hata na kanyagio la klachi.

Cha ajabu, usemi uliovuma katika siasa za Tanzania mwaka 2015 ni “kubadili gia angani”, yaani kubadili mpango ghafla njiani. Angani? Gia hupanguliwa mlimani, abiria wakiwa wamesimama.