Aurora katika anga ya Unguja

Aurora ni mianga ya rangi inayowaka usiku angani, hasa karibu na ncha mbili za Dunia. Katika kisiwa cha Unguja uwezekano wa kuiona kwa macho ni mdogo mno, hata Jua linapochafuka vikali. Ikitokea, ya kutazamiwa ni ile ya kusini, si ya kaskazini.

Sababu

Mji Mkongwe uko latitudo 6°10′ kusini. Aurora, hata hivyo, hufuata sumaku ya Dunia, na makao yake ya kawaida ni nyuzi 65 hadi 70 kutoka ikweta ya sumaku. Ikweta hiyo hukatiza Ethiopia, hivyo Unguja imo upande wake wa kusini. Chembe zinazotoka kwenye Jua hugonga oksijeni na kuzaa rangi ya kijani kwenye kimo cha kilomita 100 na ushei, na nyekundu juu ya kilomita 200. Nyekundu, kwa kuwa iko juu zaidi, ndiyo huonekana kutoka mbali.

Dhoruba zinazokumbukwa

Dhoruba ya tarehe 4 Februari 1872, zama za Sultani Barghash, ndiyo iliyoifikisha aurora karibu zaidi na pwani hii: ilionekana Aden, Khartoum na Bombay, na kwa upande wa kusini Morisi na Réunion. Mei 1921 aurora ilionekana Samoa. Usiku wa 10 kuamkia 11 Mei 2024 ilipigwa picha Namibia, na Wazanzibari waishio Uingereza waliweza kuiona wakiwa huko huko. Unguja mwezi huo ni wa masika, na mawingu ni mazito.

Mahali pa kutazamia

Kizimkazi na Makunduchi, kusini mwa kisiwa, kuna giza la kutosha. Forodhani, katika Mji Mkongwe, hapafai: taa ni nyingi, na Dar es Salaam, iliyo kusini hasa mwa Mji Mkongwe, huangaza upeo uleule unaohitajika.

Mwanga unaofananishwa nayo

Wageni huweza kuidhania aurora ile alfajiri ya uongo, mwanga mweupe unaosimama wima mashariki kabla ya alfajiri ya kweli. Huu ni mwanga wa Jua unaoakisiwa na vumbi lililo baina ya sayari. Karibu na ikweta husimama wima zaidi kuliko Ulaya, kwa hiyo Unguja ni mahali pazuri sana pa kuutazama. Wafungaji wanaujua vyema: hauzuii daku wala hauingizi wakati wa sala. Alfajiri ya kweli hutandaa kulia na kushoto.

Umuhimu wa sasa

Dhoruba za Jua huvuruga GPS na redio za masafa mafupi. Kilele cha mzunguko wa Jua wa miaka 11 kilitangazwa Oktoba 2024.