Jean Wells: Mwanadada wa Dungeons & Dragons Ambaye Kitabu Chake Kiliishia Jalalani

Kama uliangalia Stranger Things kuanzia sehemu ya kwanza, bila shaka unawakumbuka wale watoto wanne waliozunguka meza, wanarusha dadu na kupiga kelele kuhusu zimwi. Ule mchezo haukutungwa kwa ajili ya tamthilia. Ni mchezo wa kweli, unaitwa Dungeons & Dragons, na ulianza kuuzwa mwaka 1974 huko Marekani. Waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson, na chapa ya kwanza ilikuwa ya nakala 1,000 tu.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe uko hivi. Mnakaa mezani, kila mtu anachagua kuwa mhusika fulani: shujaa, mchawi, mwizi na kadhalika. Mmoja wenu anakuwa kiongozi wa mchezo, ndiye anayesimulia. Anawaambia mmefika kwenye mlango wa chuma, ndani kuna sauti, mtafanya nini? Mnajibu, dadu inarushwa, hadithi inaendelea. Hakuna ubao wa kufuata kama wa ludo. Kila kitu kiko kichwani, kwenye karatasi na kwenye vitabu vya kanuni.

Sasa hivyo vitabu lazima kuwe na watu wa kuvitunga na kuvihariri. Na kwa miaka ya mwanzo, katika kampuni ya TSR iliyokuwa na makao yake kwenye mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, watu hao walikuwa wanaume watupu. Mpaka mwaka 1979, alipoajiriwa Jean Wells. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza kuingia idara ya ubunifu ya kampuni hiyo.

Kazi iliyomtambulisha kwa wachezaji ilikuwa ya kujibu barua. Kampuni ilikuwa na jarida lake, Dragon, na mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1979 Wells akaanzisha humo safu iliyoitwa Sage Advice, yaani ushauri wa mwenye hekima. Usiidharau kazi hiyo. Kanuni za mchezo zilikuwa nyingi, zimetawanyika kwenye vitabu tofauti, na sehemu nyingine zilikuwa zinagongana. Vijana wanagombana mezani, kila mmoja anadai yeye ndiye yuko sahihi, mwishowe wanaandika barua. Wells anasoma, anatafuta kanuni, anatoa hukumu. Tena alikuwa na utani wake, mtu akiuliza swali la ajabu hakuachwa hivihivi.

Mwaka 1980 yeye na mhariri mwenzake, Kim Mohan, wakaandika kwenye jarida hilohilo makala kuhusu wanawake wanaocheza mchezo huu. Na malalamiko yalikuwepo. Kanuni za wakati ule zilimwekea mhusika wa kike kikomo cha nguvu kilicho chini ya kile cha mwanaume. Kumbuka huu ni mchezo ambao mtu anaweza kupaa angani na kurusha moto kwa mikono, lakini mwanamke kuwa na nguvu sawa na mwanaume, hapo ndipo watu walipoona haiwezekani!

Basi, ikafika zamu yake ya kutunga kijitabu chake mwenyewe. Kampuni ilikuwa na mfululizo wa visa kwa ajili ya wanaoanza kujifunza, vimepewa alama B1, B2 na kuendelea. Cha kwanza alikitunga Mike Carr, cha pili Gygax mwenyewe. Cha tatu, B3, akapewa Wells. Akakiita Palace of the Silver Princess: kasri la kale lililogeuka magofu, binti mfalme aliyetoweka, na rubi moja kubwa ambayo kila mtu anaitaka.

Kitu kimoja cha kuangalia hapo ni jinsi alivyokipanga. Wells hakujaza kila chumba cha kasri. Vingine aliviacha wazi makusudi, ili kiongozi wa mchezo aweke mwenyewe zimwi lake, hazina yake na mtego wake. Carr naye alifanya kitu cha namna hiyo kwenye B1. Mtu anayejifunza kuongoza mchezo anajifunza kwa kutunga, na ukimmalizia kila kitu anabaki msomaji tu.

Mwaka 1981 kijitabu kikatoka kiwandani kikiwa na jalada la rangi ya chungwa. Hapo ndipo mambo yakaharibika.

Tatizo kubwa lilikuwa picha. Ndani ya kasri kulikuwa na zimwi lenye minyiri kumi, linalowavuta watu kwa mazingaombwe. Anayeingia chumbani humo anaona mwanamke amefungwa kwa nywele zake mwenyewe, amezungukwa na wanaume wenye sura mbaya wanaomtesa. Ukikimbia kumwokoa, kumbe hakuna mwanamke, umejipeleka mwenyewe kwenye mikono ya zimwi. Picha hiyo ilichorwa na Laura Roslof, mwanamke mwenzake. Kuna picha nyingine pia iliyochorwa na Erol Otus, ya viumbe wenye vichwa vitatu, ambayo inasemekana sura zake zilifanana mno na za watu wa ofisini humohumo.

Wakubwa walipoiona kazi iliyomalizika, wakashtuka. Na woga wao ulikuwa na sababu. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo huko Michigan alipotea, magazeti yakauhusisha mchezo huu na kupotea kwake. Alipatikana akiwa hai, lakini jina baya likawa limeshasambaa, na baadhi ya wazazi na viongozi wa dini walikuwa wanadai mchezo unapotosha watoto. Halafu mchezo wa wanaoanza ulikuwa unauzwa kwa watoto wa kuanzia miaka 10. Uwape kitabu chenye picha ya mwanamke anayeteswa?

Amri ikatoka: nakala zote zirudishwe. Hata zile zilizokuwa kwenye meza za wafanyakazi zikakusanywa, mzigo ukaenda kutupwa jalalani. Zikapona chache tu.

Lakini kijitabu hakikupita mikononi mwa Wells peke yake. Kilikuwa na mhariri, kilikuwa na wachoraji, na kilipelekwa kuchapwa bila mtu kukizuia. Ilipofika siku ya lawama, jina lililobaki kwenye midomo ya watu ni moja.

Kazi ya kukitengeneza upya akapewa Tom Moldvay, na mwaka huohuo kikatoka kingine chenye jalada la kijani. Jina la Wells likabaki juu yake, likifuata la Moldvay. Picha zilizoleta balaa zikaondolewa, lakini hazikuondoka peke yake. Hadithi ikabadilishwa, na vile vyumba vilivyoachwa wazi vikajazwa. Kilikuwa kitabu kizuri, wengi wamekicheza na kukipenda. Ila hakikuwa tena kile alichokitunga yeye.

Wells hakupata tena nafasi ya kutunga kijitabu kizima TSR. Baadaye akaolewa na kuondoka kwenye kampuni. Miaka yake ya mwisho mashabiki walimtafuta, akawa anawajibu maswali yao kama enzi zile za safu yake. Alifariki Januari 2012.

TSR yenyewe ilinunuliwa mwaka 1997 na kampuni ya Wizards of the Coast, na miaka ya 2000 wenye mali wapya wakaweka lile toleo la rangi ya chungwa kwenye intaneti, bure kabisa. Nakala za karatasi zilizopona jalalani sasa zinauzwa kwa maelfu ya dola. Na jina la Sage Advice mpaka leo bado linatumika kwa majibu rasmi ya kanuni za mchezo huu.

Kwa hiyo ukisikia watu wanamtaja Jean Wells kama "yule wa kitabu kilichotupwa", waambie hiyo ni nusu tu ya habari. Kosa la picha moja lingeweza kurekebishwa kwa kuiondoa picha moja. Kilichotupwa jalalani ni namna yake ya kumwamini mchezaji amalizie hadithi mwenyewe. Je, ungekuwa wewe ndiye bosi siku ile, ungetupa kitabu kizima, au ungechana ukurasa mmoja?