Mchanganyiko wa viuadudu majini

Mchanganyiko wa viuadudu majini ni hali ya sumu mbili au zaidi kuwadhuru viumbe wa majini kwa pamoja, mara nyingine zaidi ya jumla ya madhara ya kila moja. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, maji ya mashamba hushuka baharini kwa mito Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi, hadi kwenye mikoko wanamokulia makinda ya kamba. Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho haihesabiwi hapa. Ni dawa ya ugonjwa wa ubwiriunga, si ya wadudu. Wadudu wanaohusika ni mbu wa mikorosho na wadudu wa mboga, ambao hupigwa kwa viuadudu vya aina ya pairethroidi na oganofosfeti. Profenofosi (oganofosfeti) na saipamethrini (pairethroidi) huuzwa hata katika chupa moja. Oganofosfeti huzuia vimeng'enya vinavyovunja pairethroidi mwilini, na ndiyo sababu wadudu hufa upesi. Lakini kamba na kaa ni ndugu wa wadudu, hivyo mchanganyiko huo huweza kuwadhuru nao. Samaki nao hawasalimiki: nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa viuadudu malathioni na diazinoni kwa pamoja huwadhuru samoni kupita jumla iliyotarajiwa.