Ubaguzi wa Rangi wa Kimazingira: Maana, Chimbuko na Uchunguzi Wake

Ubaguzi wa rangi wa kimazingira ni hali ambayo madhara ya uchafuzi hulemea zaidi watu wa rangi au asili fulani kutokana na maamuzi ya serikali au ya kampuni, huku watu hao wakiwa na sauti ndogo katika maamuzi yenyewe. Dampo la taka sumu haliji mahali kwa bahati. Kuna aliyechagua kiwanja, ofisi iliyotoa kibali, na mkaguzi aliyefika au asiyefika. Istilahi hii inataja mlolongo huo wote, pamoja na moshi, harufu na maradhi yanayoufuata.

Katika Kiswahili dhana hii inaweza kutajwa kwa njia tatu. "Ubaguzi wa mazingira" ni fupi, lakini ina utata: katika "uchafuzi wa mazingira" na "uhifadhi wa mazingira", mazingira ndiyo yanayochafuliwa na kuhifadhiwa, hivyo msomaji anaweza kudhani kwamba hapa pia mazingira ndiyo yanayobaguliwa. "Ubaguzi wa kimazingira" huondoa utata huo, kwa kuwa kiambishi "ki-" huonyesha nyanja ambamo ubaguzi unatokea. Hata hivyo haisemi watu wanabaguliwa kwa msingi gani. "Ubaguzi wa rangi wa kimazingira" ni ndefu zaidi, lakini ndiyo inayobeba maana kamili. Neno "rangi" humo lisifungwe kwenye ngozi tu. Linahusu pia asili ya watu, kwa mfano wenyeji wa asili wa Marekani au wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini.

Istilahi jirani ni "haki ya kimazingira". Hapa Kiswahili kina utajiri wake, kwa sababu "haki" ni stahili ya mtu na pia ni uadilifu katika kugawa na kuamua. Dhana hii inahitaji maana zote mbili: kila mtu anastahili hewa na maji safi, na mzigo wa uchafu unaozalishwa na jamii nzima haupaswi kutupwa mlangoni kwa wachache.

Chimbuko la istilahi ni Marekani. Mwaka 1978 mafuta ya transfoma yenye kemikali za PCB yalimwagwa kwa siri kandokando ya barabara za jimbo la North Carolina, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 300. PCB hazioi upesi, hujikusanya katika mafuta ya mwili, na zinahusishwa na saratani. Serikali ya jimbo iliamua kuuzoa udongo uliochafuliwa na kuufukia katika Kaunti ya Warren, eneo la mashambani ambalo wakazi wake wengi walikuwa Weusi na maskini. Wakazi walieleza kwamba maji ya ardhini yalikuwa karibu na uso wa ardhi na kwamba wengi wao walitegemea visima. Kesi zao zilishindwa. Malori yalipoanza kufika Septemba 1982, watu walilala barabarani kuyazuia, na katika muda wa wiki chache zaidi ya 500 walikamatwa.

Dampo lilijengwa hata hivyo, na usafishaji wake ulikamilika miaka 21 baadaye, mwaka 2003. Lakini maandamano yalizaa uchunguzi. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwa Walter Fauntroy, mjumbe wa jiji la Washington katika Baraza la Wawakilishi, ambaye aliiomba ofisi ya ukaguzi ya Bunge kuchunguza suala hilo. Ripoti ya mwaka 1983 ilionyesha kwamba, kati ya madampo makubwa manne ya taka sumu katika majimbo 8 ya kusini-mashariki, matatu yalikuwa katika jamii zenye Weusi wengi. Mwingine aliyekamatwa, Mchungaji Benjamin Chavis, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa istilahi hii. Alipokuwa kiongozi wa tume ya haki za kirangi ya Kanisa la Muungano wa Kristo, tume hiyo ilitoa mwaka 1987 uchunguzi wa nchi nzima. Ulionyesha kwamba rangi ya wakazi ilitabiri mahali pa vituo vya taka sumu vizuri zaidi kuliko kipato chao au thamani ya nyumba.

Maana aliyoitoa Chavis ina sehemu tano: ubaguzi katika kutunga sera, ubaguzi katika kusimamia sheria, kuzilenga jamii zisizo za Wazungu kwa vituo vya taka, serikali kuidhinisha sumu inayohatarisha maisha yao, na kuwatenga watu hao katika uongozi wa harakati za mazingira. Sehemu ya mwisho husahaulika mara nyingi. Wahifadhi waliweza kutetea misitu na wanyama kwa bidii huku wakipita kimya mitaa iliyozingirwa na viwanda.

Mwanasosholojia Robert Bullard aliongeza jambo la msingi: ubaguzi hupimwa kwa matokeo, hata nia isipothibitika. Mwaka 1979 alikusanya takwimu za jiji la Houston kwa ajili ya kesi ya wakazi waliopinga dampo katika mtaa wao. Weusi walikuwa takriban robo ya wakazi wa jiji, lakini madampo yote matano ya manispaa, na matanuri 6 kati ya 8 ya kuchomea taka, yalikuwa katika mitaa yao. Wakazi walishindwa, kwa kuwa mahakama ilidai uthibitisho wa nia ya kubagua. Tofauti hiyo kati ya nia na matokeo ndiyo kikwazo kikubwa katika kesi za aina hii, kwani ni nadra sana ofisi kuandika kwamba imechagua mtaa kwa sababu ya rangi ya watu wake.

Uchunguzi wa ubaguzi huu huanza na ramani. Mtafiti huweka alama kwenye vituo vya uchafuzi, kisha hulinganisha wakazi wa karibu na wakazi wa mbali kwa rangi, kipato na afya. Matokeo hutegemea sana jinsi ujirani ulivyopimwa. Ukihesabu kwa mipaka ya kata, mtu anayeishi ng'ambo ya mpaka, hatua chache kutoka dampo, huonekana hana dampo. Ukipima kwa kilomita, huonekana analo. Swali la pili ni la historia: je, taka zilipelekwa kwa watu, au watu walifuata nyumba za bei nafuu karibu na taka? Hata jibu likiwa la pili, uchunguzi hauishii hapo. Lazima iulizwe ni sheria zipi za makazi na mikopo zilizowazuia watu hao kuishi kwingine. Afrika Kusini inaonyesha jambo hilo waziwazi. Chini ya sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi, Wahindi na Machotara wa kusini mwa Durban waliwekwa Merebank na Wentworth, palipojengwa viwanda vya kusafishia mafuta.

Maarifa mengine hutoka kwa waathirika wenyewe. Katika mtaa wa Diamond, Louisiana, uliopakana na mitambo ya kampuni ya Shell, wakazi wakiongozwa na mwalimu Margie Richard walikusanya sampuli za hewa kwa ndoo za plastiki zenye mfuko maalumu ndani, kisha wakazipeleka maabara. Matokeo yaliwapa ushahidi ambao kampuni haikuweza kuupuuza, na mwaka 2002 ilikubali kugharamia kuhamishwa kwao. Hivyo upinzani wa jamii ni pamoja na maandamano, kesi, upimaji na uandishi wa kumbukumbu za maradhi. Mwaka 1991 wajumbe wa jamii zisizo za Wazungu walikutana Washington na kupitisha kanuni 17 za haki ya kimazingira. Mwaka 1994 Rais Bill Clinton alitoa amri iliyozitaka idara za serikali kuu kuzingatia haki hiyo. Amri hiyo ilifutwa Januari 2025.

Istilahi isitumike kwa kila dhuluma ya mazingira. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisambaza sumu ya risasi katika makazi ya watu wa kipato cha chini. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mtoto wake alidhurika, aliongoza upinzani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, uamuzi uliotenguliwa katika rufaa mwaka 2023 na kurejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Dar es Salaam nako, wakazi wa Tabata walilishtaki jiji mwaka 1988 kwa sababu ya dampo. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani na kushinda. Katika kesi hizo waathirika hawakutengwa kwa rangi. Walichukuliwa kuwa wanyonge. Jina linalofaa hapo ni ukosefu wa haki ya kimazingira.

Kwa hiyo ubaguzi wa rangi wa kimazingira ni tawi moja la dhuluma pana zaidi, na hutajwa pale ushahidi unapoonyesha kwamba rangi au asili ya watu ndiyo iliyoamua nani aishi na sumu. Maswali ya kuuliza ni yaleyale popote: nani ananufaika, nani anaumia, nani aliulizwa kabla ya kibali kutolewa, na sheria ilisimamiwa kwa nani. Mtafiti anayeyajibu bila kuwasikiliza wanaoishi kando ya dampo atakuwa na ramani yenye pengo, kwani watu hao ndio walioligundua tatizo hili kabla halijapata jina.